Balbu za LED: Namna ya Kupunguza Gharama ya Mwanga Nyumbani

Anayenunua balbu huilipia mara mbili: mara ya kwanza dukani, na mara ya pili kidogo kidogo kila anaponunua umeme wa LUKU. Malipo ya dukani huonekana. Yale ya LUKU hujificha miongoni mwa matumizi ya pasi, jokofu na runinga. Kwa sababu hiyo, balbu ya bei ndogo dukani yaweza kuwa ndiyo ya gharama kubwa zaidi nyumbani.

Tofauti inatoka wapi?

Balbu ya kawaida hutoa mwanga kwa kupasha moto waya mwembamba hadi ung'ae. Zaidi ya asilimia 90 ya umeme inaoutumia hugeuka joto, na sehemu ndogo tu ndiyo huwa mwanga. Balbu ya LED haina waya huo. Ndani yake mna vipande vidogo vya semikondakta vinavyotoa mwanga umeme unapopita. Ndiyo maana balbu ya LED ya wati 9 hutoa mwanga unaokaribiana na ule wa balbu ya kawaida ya wati 60.

Hesabu ya nyumba moja

Tuchukue mfano wa nyumba yenye balbu nne za kawaida za wati 60, kila moja ikiwaka saa tano kwa siku. Kwa siku 30, balbu hizo hutumia uniti 36. Zikibadilishwa kwa LED za wati 9, matumizi hushuka hadi uniti 5.4. Uniti 30.6 huokolewa kila mwezi.

Thamani ya uniti hizo hutegemea kundi la mteja. Katika bei zilizoidhinishwa na EWURA mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani alipangiwa shilingi 100 kwa kila uniti katika uniti 75 za kwanza za mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi hapo, kabla ya kodi na tozo. Kwa bei hizo, nyumba inayotumia uniti 95 hulipa shilingi 14,500. Ikiokoa uniti 30.6, hubaki na uniti 64.4 na kulipa shilingi 6,440. Malipo hupungua kwa zaidi ya nusu kwa kuwa uniti zinazotangulia kuokolewa ni zile za bei ya juu. Bei zikibadilika, njia ya hesabu hubaki ileile.

Kuanzia wapi?

Si lazima kubadilisha balbu zote kwa siku moja. Inashauriwa kuanza na ile inayowaka kwa muda mrefu zaidi, ambayo mara nyingi ni taa ya nje ya ulinzi. Balbu ya kawaida ya wati 60 inayowaka saa 12 kila usiku hutumia uniti 21.6 kwa mwezi. LED ya wati 9 hutumia uniti 3.24. Anayetumia balbu za mrija uliopinda za wati 15 ataokoa kiasi kidogo zaidi, hivyo anaweza kusubiri hadi zitakapoungua.

Mambo ya kuangalia kabla ya kununua

1. Lumeni. Wati hupima umeme unaotumika. Lumeni hupima mwanga unaotoka. Mbadala wa balbu ya kawaida ya wati 60 uwe na lumeni zipatazo 800. Wa wati 40, zipatazo 450.

2. Rangi ya mwanga. Alama ya 2700K au 3000K ni mwanga wa manjano, unaofaa chumba cha kulala. Alama ya 6500K ni mwanga mweupe, unaofaa jikoni na mahali pa kazi.

3. Volti na kitako. Balbu iandikwe volti 220–240, na kitako chake, cha pini au cha skrubu, kilingane na soketi yako.

4. Uhai. LED nyingi huandikwa saa 15,000 au zaidi, ilhali balbu ya kawaida hudumu takriban saa 1,000. Kwa saa tano kwa siku, hiyo ni zaidi ya miaka minane dhidi ya siku 200.

5. Alama ya ubora ya TBS, jina la mtengenezaji na muda wa dhamana. Balbu isiyo na maelezo haya yaweza kuungua mapema, na akiba yote ikapotea. Omba ijaribiwe dukani, kisha tunza risiti na kasha lake.

Tahadhari

Joto hufupisha uhai wa LED. Usiifunge ndani ya kifuniko kisichopitisha hewa, isipokuwa kasha lake linaruhusu. Balbu za mrija zina zebaki kidogo. Ikivunjika, fungua madirisha, ondoka chumbani kwa dakika chache, kisha okota vipande kwa karatasi ngumu bila kuvigusa kwa mkono.

Balbu ikiungua ndani ya muda wa dhamana, irejeshe kwa muuzaji pamoja na risiti. Ukiona bidhaa yenye ubora wa kutiliwa shaka, toa taarifa TBS. Kufanya hivyo kutamkinga pia mnunuzi atakayekufuata.