Mimba Inapokutana na Valvu Iliyobana

Mjamzito akilalamika kwamba pumzi zinamkatika, mara nyingi huambiwa: ni mimba hiyo, ukijifungua itaisha. Aghalabu ni kweli. Lakini kwa mwanamke ambaye utotoni koo lake liliachwa bila tiba, jibu hilo laweza kumgharimu maisha.

Maambukizi ya koo yanayoletwa na bakteria wa streptokoka huweza kuzaa homa ya rumatiki. Kinga ya mwili, badala ya kuwamaliza bakteria tu, huzigeukia valvu za moyo. Koo hupona, mtoto hurudi kucheza, nayo valvu huendelea kukakamaa kwa miaka. Inayoumia zaidi ni ya mitrali, iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto. Ikiwa nzima, hufunguka sentimita za mraba 4 hadi 6. Ikifikia 1.5 au chini ya hapo, imebana vibaya.

Wengi hawajui kama wanaumwa mpaka washike mimba. Damu mwilini huongezeka kwa karibu nusu, na moyo huenda mbio zaidi. Mbio hizo ndizo hatari yenyewe. Damu hupita kwenye mitrali pale tu moyo unapolegea, kati ya pigo na pigo. Moyo ukikimbia, nafasi hiyo hufupika. Damu isiyopata kupita hurundikana nyuma, shinikizo hupanda kwenye mapafu, na maji huanza kuvujia humo.

Kwa hiyo naliheshimu sana swali hili la mkunga, lisilohitaji mashine wala umeme: “Mama, usiku unalalia mito mingapi?” Anayesema mitatu, au kwamba hulala ameketi, au kikohozi humwamsha usiku wa manane, asirudishwe nyumbani na vidonge vya damu peke yake. Apelekwe akapimwe eko ya moyo. Kipimo hicho hutumia mawimbi ya sauti, hakina mionzi, wala hakimdhuru mtoto.

Tiba nayo inahusu muda. Metoprolol hupunguza kasi ya moyo ili damu ipate nafasi ya kupita. Furosemaidi huondoa maji yaliyozidi. Sindano ya penisilini ya kila wiki 3 au 4, ya kuzuia homa ya rumatiki isirudi, haikatizwi kwa sababu ya mimba. Dawa zisipotosha, ipo njia aliyoieleza daktari Mjapani Kanji Inoue mwaka 1984: mrija mwembamba wenye puto hupitishwa kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, puto hujazwa, valvu hupanuka. Hufanywa hata mama akiwa na mimba.

Wala si lazima apasuliwe ili ajifungue. Wengi huweza kuzaa kwa njia ya kawaida, mradi maumivu yadhibitiwe, kwa kuwa maumivu nayo huukimbiza moyo.

Penye kunitia hofu zaidi ni baada ya hapo. Vigelegele vimeshapigwa, uji umeletwa, na kila mtu anamtazama mtoto. Kumbe mji wa mimba unapokaza, damu iliyokuwa ikiuzunguka humiminika kurudi moyoni kwa mkupuo. Kwa mama huyu, siku 3 za kwanza ni za kulindwa wodini: apimwe mapigo na pumzi mara kwa mara, asiongezewe maji ya dripu ovyo, na asichomwe ergometrini, ambayo hubana mishipa na kupandisha shinikizo la damu ghafla. Kumruhusu kesho yake asubuhi kwa sababu anaonekana mzima ni mapema mno.