Antene ina sikio, lakini ni sikio la nani?

Ndugu wafanyakazi, wamama na wababa wa Kolwezi, tunasikia kwa radio kila mara: Marekani na Ulaya wanaogopa mashini za mitandao zenye kutengenezwa na Huawei na ZTE, kampuni za Uchina. Mwezi wa 10, 2012, kamati ya bunge la Marekani iliandika kama kampuni hizo mbili haziwezi kuaminiwa. Mwaka 2020 Uingereza ilikataza kununua mashini mpya za Huawei kwa 5G, na za zamani zitolewe mpaka 2027. Huawei yenyewe inakana.

Bakubwa wanagombana, sisi inatuhusu nini? Kobalti ya betri za telefone inatoka chini ya miguu yetu. Na ZTE si mugeni hapa: ilikuwa na 51% ya Congo Chine Télécoms, serikali yetu 49%. Mwaka 2011 Orange ya Ufaransa ikanunua yote. Mtandao ulibadilisha mwenyewe, sisi tukaendelea kuongea tu.

Mwezi wa 1, 2018, gazeti Le Monde liliandika kama habari za jengo la Umoja wa Afrika kule Addis-Abeba, lililojengwa na Uchina, zilikuwa zinatumwa Shanghai kila usiku. Uchina ikakana. Lakini karatasi za Edward Snowden, 2014, zilionyesha wapelelezi wa Marekani nao waliingia ndani ya mashini za Huawei. Na intaneti yetu iliyokatwa tarehe 31/12/2018, kisha uchaguzi, ilikatwa kwa amri ya Kinshasa.

Njo maana tusiangalie tu bendera ya fundi. WhatsApp inafunga maneno. Lakini kwa kuitana kwa kawaida, mwenye kushika mtandao anaweza kuona nani aliita nani, saa ngapi, karibu na antene gani. Kwa mfanyakazi mwenye kudai mushahara, ile peke yake inatosha kumupoteza kazi.

Sheria iko: Code du numérique ya tarehe 13/3/2023 inalinda habari za mtu. Basi delege wetu waulize kwa mukutano na patroni: kadi ya SIM tunayopewa kazini, liste ya kuitana nani anaisoma? Jibu litoke kwa maandishi. Na majina ya wenye kupanga mugomo, tusiyatume kwa telefone. Tuonane uso kwa uso.