Motokaa Kuukuu Ikikataa Kuwaka, Usikimbilie Kuuza Ng'ombe

Wako wakulima wengi, na makarani pia, ambao wamejinunulia motokaa zilizokwisha kutumiwa na wengine kwa miaka mingi. Kuwa na motokaa kuukuu si aibu. Peugeot 404, iliyoanza kuuzwa mwaka 1960, ilishinda mashindano ya East African Safari katika miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968, nayo ikaendelea kuchukua mizigo mashambani muda mrefu baada ya hapo. Lakini uzee haukosi maradhi, na maradhi yanayowasumbua zaidi wenye motokaa hizi ni kukataa kuwaka alfajiri, wakati ule hasa ambapo mtu ana haraka.

Nitaeleza jambo lililompata mjomba wangu, mfugaji wa Limuru, mwenye Peugeot 404 ya kuchukulia mizigo. Ilikuwa mwezi wa Julai, wakati wa baridi na ukungu. Saa kumi na moja alfajiri mikebe miwili ya maziwa ilikuwa imekwisha pakiwa, na kituo hakipokei maziwa baada ya saa mbili. Mjomba akavuta choki, akakanyaga mafuta mara nyingi, akageuza ufunguo. Injini ikajikokota kidogo, kisha ikanyamaza.

Siku iliyotangulia, fundi mmoja wa njiani alikuwa amemwambia kuwa betri imekufa. Mjomba alikuwa amekwisha patana na jirani bei ya mtamba, ili apate fedha za betri mpya. Mimi nilikuwa nimelala kwake kwa likizo. Nikamwambia, "Mjomba, kabla hujauza mtamba, hebu tuiulize motokaa yenyewe." Akanijibu, "Mpwa wangu, wewe ni mtu wa kalamu. Lakini haya, uliza."

Je, Injini Yazunguka?

Hili ndilo swali la kwanza, na taa za mbele ndizo zinazolijibu. Washa taa, kisha mtu mwingine ageuze ufunguo huku wewe ukizitazama. Taa zikibaki na mwangaza wao wote, na injini isisogee, umeme haufiki kwenye starta: tazama swichi, nyaya, na starta yenyewe. Taa zikiwa hafifu tangu mwanzo, betri haina nguvu. Zikiwaka vizuri, kisha zikafifia sana mara ufunguo unapogeuzwa, basi ama betri ni dhaifu, ama njia ya umeme imezibwa mahali fulani.

Taa za mjomba zilifanya hivyo vya mwisho. Nikagusa vichwa vya betri, nikaona kimoja kina joto. Joto hilo ni dalili kwamba umeme unapita kwa shida. Tulipokifungua tukakuta unga mweupe na wa kijani, na ule waya unaounganisha betri na mwili wa motokaa ulikuwa umeshika kutu chini ya boliti yake.

Tulichemsha maji, tukatia magadi kidogo, tukaosha vichwa vile kwa brashi, tukiangalia sana maji yasiingie ndani ya betri. Magadi huua ukali wa asidi. Tukasugua kutu kwa msasa, tukakausha, tukakaza, tukapaka grisi. Kumbuka: waya wa mwilini hufunguliwa kwanza na kurudishwa mwisho, ili spana isije ikarusha cheche.

Mwenye kipimo cha umeme aweza kuipima betri iliyopumzika usiku kucha. Betri njema ya volti 12 huonyesha kiasi cha volti 12.6, ikiwa 12 au chini, inahitaji kutiwa umeme kabla ya kuhukumiwa.

Injini Yazunguka Lakini Haiwaki

Safari hii injini ilizunguka kwa nguvu, wala haikuwaka. Hapo betri si mshtakiwa tena. Wamebaki wawili: cheche na petroli.

Kwanza nusa. Harufu kali ya petroli yaonyesha kwamba injini imelowa kwa sababu ya choki na kukanyaga kwingi, na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwetu. Tulirudisha choki, tukakanyaga mafuta hadi chini bila kuachia, tukazungusha injini kwa sekunde chache. Ikakohoa, ikatoa moshi, ikanguruma.

Kama haikulowa, tafuta cheche. Toa plagi moja, irudishe kwenye waya wake, uilaze ikigusa chuma cha injini, mbali na petroli yoyote na mbali na tundu ulimoitoa. Usiishike kwa mkono. Injini inapozungushwa, cheche ya samawati iruke mdomoni mwa plagi. Isiporuka, fungua kifuniko cha distribyuta. Asubuhi za ukungu unyevu hujificha humo, na kitambaa kikavu chatosha kuuondoa. Tazama kama kifuniko kina ufa, kisha tazama vile vyuma viwili vidogo ambavyo mafundi huviita pointi. Visiwe vimeungua, na nafasi kati yao vinapoachana huwa kiasi cha milimita 0.4 katika motokaa nyingi za namna hii.

Cheche ikiwapo, fuata petroli. Anza na tangi, kwa kuwa mshale wa kuonyesha mafuta husema uongo uzeeni. Kisha fungua mrija unaoingia kwenye kabureta, uuelekeze ndani ya chupa, ondoa waya mkuu wa koili, na injini izungushwe. Petroli ikiruka kwa vipindi, pampu ni nzima. Isipotoka, pampu ni mbovu au mrija umezibwa na uchafu. Jambo hili lifanywe nje, injini ikiwa baridi, bila sigara wala taa ya moto. Wala usinyonye petroli kwa mdomo: ikiingia mapafuni yaweza kuua.

Kabla ya majaribio haya yote, toa gia, vuta breki ya mkono, na weka mawe kwenye magurudumu.

Maziwa yalifika kituoni ikiwa imebaki robo saa. Mtamba hakuuzwa, sasa ni ng'ombe wa maziwa. Ile betri ilikufa kweli mwaka uliofuata, lakini wakati huo mjomba alinunua nyingine kwa fedha za maziwa, baada ya kuipima mwenyewe. Mafundi wazuri wapo, nasi twawahitaji. Lakini mwenye motokaa akifika kwa fundi akiwa amekwisha jua kama injini yazunguka, kama cheche yaruka, na kama petroli yafika, hatauziwa kwa urahisi kitu asichokihitaji.