Mpira Mmoja Usiku wa Fainali

Wanangu wa Garsen, Ngao, Idsowe na Minjila, kama mmewahi kucheza raunda shuleni basi nusu ya hadithi hii mnaijua tayari. Mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo, kisha anatimua mbio kuzunguka vituo huku wapinzani wakihangaika kuukimbilia mpira. Besiboli ni ndugu wa mchezo huo. Ila mpira wake ni mgumu, una uzito wa gramu 145 hivi, umevishwa ngozi na kushonwa kwa uzi mwekundu. Kutoka kituo hadi kituo ni mita 27, na mwisho wa uwanja kuna ukuta.

Huo ukuta ndio habari yenyewe. Mpira ukipaa ukauvuka kabla ya kugusa chini, bila kutoka nje ya mistari miwili ya pembeni, umekwenda. Mpigaji anazunguka vituo vyote taratibu mpaka anarudi pale alipoanzia, na kila mwenzake aliyekuwa kituoni anarudi mbele yake. Kila anayefika ni pointi. Kwa hiyo pigo moja huweza kuleta pointi moja, mbili, tatu, au nne vituo vikiwa vimejaa. Pigo hilo ndilo homurani.

Msidhani ni kazi ya misuli tu. Mrushaji husimama mita 18 na kidogo kutoka kwa mpigaji, na mpira wake huenda kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa, pengine zaidi. Hufika kabla nusu sekunde haijaisha. Katika muda huo mpigaji auone, akate shauri, azungushe gongo. Na mpira wenyewe si mwaminifu: mwingine hupinda, mwingine huzama ghafla. Gongo na mpira vikikutana hugusana kwa muda wa sehemu moja tu ya elfu ya sekunde. Hata hapo bado kuna suala la pembe. Anayetupa jiwe kuangusha embe kando ya Mto Tana analijua hilo: ukilitupa chini sana halifiki, ukilielekeza juu mno linakurudia miguuni. Homurani nyingi hupaa kwa pembe ya kati ya nyuzi 25 na 30.

Sasa chukueni ugumu wote huo muupeleke usiku wa fainali. Marekani, fainali za besiboli ya kulipwa huchezwa kila mwaka majira ya Oktoba na huitwa World Series. Timu mbili hukutana hadi mara saba, na ya kwanza kushinda mechi nne hutwaa ubingwa.

Tarehe 15 Oktoba 1988, mjini Los Angeles, ilikuwa mechi ya kwanza. Dodgers, wenyeji, walikuwa nyuma kwa pointi 4 kwa 3 dhidi ya Oakland Athletics. Ilikuwa awamu ya tisa, ya mwisho, na Dodgers walibakiza mtu mmoja tu kutolewa ili mechi iishe, ingawa mwenzao mmoja alikuwa ameshafika kituoni. Mrushaji alikuwa Dennis Eckersley, bingwa wa kumalizia mechi. Ndipo akatoka Kirk Gibson, anachechemea. Miguu yote miwili ilikuwa na majeraha, na hakuna aliyetarajia kumwona uwanjani usiku ule.

Hapa lazima mjue sheria moja. Mpigaji akihesabiwa makosa matatu, ametolewa. Mrushaji naye akirusha nje ya eneo la kupigia mara nne, mpigaji hupewa kituo cha kwanza bure. Gibson alianza vibaya, makosa mawili upesi upesi. Akavumilia, akaiacha mipira mibaya ipite, mpaka hesabu ikafika mirusho mitatu ya nje kwa makosa mawili, yaani tatu kwa mbili. Mpira mmoja zaidi ungeweza kuamua kila kitu.

Akaomba kusimama kidogo, akatoka pale alipokuwa. Alikuwa amekumbuka maneno ya Mel Didier, mtu aliyetumwa na Dodgers kuwachunguza wapinzani. Didier alikuwa amewaonya wapigaji wa mkono wa kushoto: Eckersley akifika tatu kwa mbili, tegemeeni mpira unaoanzia nje kisha unapinda kuingia ukingoni mwa eneo. Gibson akarudi, akasubiri mpira huohuo, nao ukaja. Akaupiga karibu kwa nguvu ya mikono tu, kwa kuwa miguu haikuwa na nguvu ya kumsaidia, ukatua kwa watazamaji upande wa kulia. 5 kwa 4, mechi ikaisha. Alizunguka vituo akichechemea na kupunga ngumi. Hakupiga tena katika fainali zile, na Dodgers wakawa mabingwa. Mimi nasema homurani ile ilipigwa kwa masikio kwanza, mikono ikafuata.

Miaka 36 baadaye, tarehe 25 Oktoba 2024, uwanja uleule ulishuhudia pigo jingine. Freddie Freeman, kifundo cha mguu kikimuuma, alikuta vituo vyote vimejaa na Dodgers wako nyuma 3 kwa 2 dhidi ya New York Yankees katika awamu ya kumi, ya nyongeza. Mpira wa kwanza tu, akaupeleka nje. Kabla yake hakuna aliyewahi kumaliza mechi ya World Series kwa homurani ya pointi nne. Alipomaliza kuzunguka alikwenda moja kwa moja kwenye wavu alipokuwa baba yake, mzee aliyemrushia mipira ya mazoezi tangu utotoni.

Kumaliza fainali zote kwa homurani nako ni nadra: Bill Mazeroski wa Pittsburgh mwaka 1960, na Joe Carter wa Toronto mwaka 1993. Basi.

Na sisi huku? Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alikuwa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza ligi kuu ya Marekani, mwaka 2017. Jirani zetu Waganda walipeleka watoto wa Lugazi kwenye mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto kule Williamsport, Marekani, mwaka 2012, timu ya kwanza kutoka Afrika. Mwaka mmoja kabla yake, Waganda wengine walikuwa wamefuzu lakini wakanyimwa viza, jambo linaloniuma mpaka leo. Mwaka 2015 Uganda walirudi wakaifunga Jamhuri ya Dominika 4 kwa 1, nchi ambayo besiboli kwao ni kama kandanda kwetu.

Katika World Series, bado hakuna mzaliwa wa Afrika aliyewahi kupiga homurani. Lakini pa kuanzia tunapo: ni raunda, na shule zetu nyingi za msingi huwaachia wasichana mchezo huo. Kwa hiyo katika Tana River, walio karibu zaidi na besiboli ni wao, na wavulana watakaotaka kujifunza kupiga mpira unaopaa wawaombe wasichana wawafundishe.