Timu Ikishinda Ni Uchungu, Ikishindwa Ni Ukorofi

Mashabiki wa kandanda ya vyuo vikuu katika eneo hili la mashariki ya Mlima Kenya wana mabishano mawili yasiyokwisha. La kwanza ni kuhusu timu iliyo kali zaidi: ni ya Nchiru, ya Kaaga, ya Chuka au ya Embu? La pili ni kuhusu mwenendo wa makocha, wachezaji wa akiba na mashabiki wenyewe wanaojipanga kando ya uwanja: nani alivuka mpaka, nani alimtolea mwamuzi maneno machafu, na nani alistahili kufukuzwa lakini akaachwa. Aghalabu mabishano haya huendeshwa kana kwamba ni mambo mawili mbalimbali. Kwa maoni yangu ni bishano moja tu, kwa sababu lile la kwanza limekwisha kulimeza la pili.

Msomaji na atege sikio siku ya Jumatatu, iwe ni katika mkahawa wa chuo, katika matatu inayopanda Makutano, au ukumbini kabla ya mhadhara kuanza. Kocha aliyeruka huku na huko, akapiga teke chupa za maji na kumfokea mshika kibendera, husifiwa kuwa ana uchungu na timu yake, bora tu timu hiyo iwe imeshinda. Kocha huyo huyo akifanya yayo hayo wiki ifuatayo, na vijana wake wakapigwa mabao mawili kwa nunge, huitwa mkorofi asiyejiheshimu, aliyewavuruga wachezaji kwa makelele yake. Mikono ni ile ile, matusi ni yale yale na chupa ni zile zile. Kilichobadilika ni idadi ya mabao.

Mimi ni mwalimu wa isimu na si mtaalamu wa kandanda, na huenda wapo watakaoniuliza gozi lanihusu nini. Lanihusu kwa sababu ushahidi wa jambo hili umo katika sarufi. Mnamo mwaka 1976, Robert Cialdini na wenzake walichapisha utafiti waliowafanyia wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani na timu zao za kandanda, ile ya Kimarekani ambayo huchezwa zaidi kwa mikono kuliko kwa miguu. Waliona kwamba siku ya Jumatatu baada ya timu ya chuo kushinda, wanafunzi walioingia madarasani wakiwa na mavazi yenye jina au nembo ya chuo waliongezeka kuliko baada ya timu kushindwa. Kisha watafiti hao waliwapigia wanafunzi simu wakawataka wasimulie matokeo ya mechi. Waliosimulia ushindi walielekea kusema "sisi". Waliosimulia kushindwa hawakuelekea sana kujihusisha hivyo, na timu ikawa ya "wao".

Mswahili hahitaji hata neno zima kuifanya kazi hiyo. Silabi moja yatosha. "Tumeshinda" na "wamefungwa" ni kauli mbili ambazo shabiki mmoja huweza kuzitamka juu ya timu moja katika muda wa siku saba, na "tu" ikageuka "wa" bila ya yeye mwenyewe kutambua kwamba amewahama ndugu zake. Ila ipo kauli ya tatu, nayo ndiyo inayonivutia zaidi: "tumeonewa." Hapa timu imefungwa, lakini "tu" imerejea! Imerejea kwa sababu aibu imepata mwenyewe mwingine, naye ni mwamuzi. Mtu yuko radhi kuwa miongoni mwa waliodhulumiwa, japo hayuko radhi kuwa miongoni mwa walioshindwa.

Tazama pia tunavyozungumza kuhusu kadi. Husemi kwamba mchezaji amestahili kadi nyekundu. Wasema "amelishwa kadi." Kitenzi hiki kimenyambuliwa mara mbili, kwanza katika kauli ya kusababisha na kisha katika kauli ya kutendwa, hata yule aliyemkata mwenzake mguu kwa makusudi akasawirishwa kama mtoto mchanga aliyebanwa pua akatiwa uji kinywani. Sijawahi kusikia ikisemwa kwamba mshambuliaji "alilishwa bao." Bao hulifunga mwenyewe.

Lugha ya namna hii ndiyo inayotuzuia tusiweze kuuhukumu mwenendo kwa mizani yake. Wanafunzi wanaobishana nami hupenda kunitajia José Mourinho, ambaye mnamo Machi 2004 alikimbia kando ya uwanja wa Old Trafford, koti likipepea, baada ya FC Porto kusawazisha katika dakika ya mwisho na kuitoa Manchester United katika Ligi ya Mabingwa. Hapo, huniambia, ndipo alipojulikana. Ni kweli. Lakini na tuuchunguze mfano huo. Kwanza, mtu yule alikuwa akishangilia. Hakuwa akimtukana mtu. Pili, Porto ilitwaa kombe lenyewe mwaka huo, na ni kombe lililozifanya mbio zile zikumbukwe kwa mapenzi. Lau mpira ule wa Costinha ungegonga mwamba, nani angekuwa na haja ya kusimulia habari za koti?

Kuna hoja nzito zaidi ambayo watetezi wa kelele wangeweza kuitoa, nami nitaitoa kwa niaba yao: kelele hufaa. Mwaka 2002, Alan Nevill na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya na waamuzi 40 nchini Uingereza. Waamuzi hao walionyeshwa kanda ya video yenye matukio 47 ya mechi baina ya Liverpool na Leicester City, baadhi yao wakisikia kelele za mashabiki na wengine wakitazama kimyakimya. Waliosikia kelele waliadhibu makosa machache zaidi ya timu ya nyumbani, pungufu kwa takriban asilimia 15. Na mwaka 2020, viwanja vya Ulaya vilipobaki vitupu kwa ajili ya ugonjwa wa Korona, watafiti kadhaa walibaini kwamba timu za ugenini hazikuonyeshwa tena kadi nyingi kama ilivyokuwa desturi, na ile faida ya kucheza nyumbani ikapungua.

Basi mwenye kupiga makelele kando ya uwanja si mjinga. Anajua anachokifanya. Lakini maana yake ni kwamba sehemu ya kile tunachokiita ukali wa timu si ukali hata kidogo. Ni woga tuliomtia mwamuzi. Timu iliyotoka Embu ikapita Chuka, ikateremka na kupanda zile kona za Nithi ndani ya basi, ikafika Meru na kuzingirwa na mamia ya wanafunzi waliosimama nusu hatua kutoka kwenye mstari, hiyo haijapimwa na timu ya Meru peke yake. Imepimwa na umati. Nasi tukirudi bwenini tunahesabu pointi tatu na kudai kwamba tuna kiungo bora kuliko wao.

Mabishano yenyewe kuhusu ukali yana kasoro nyingine nitakayoigusia tu. Shabiki hukwambia: sisi tuliwafunga Chuka, Chuka waliwafunga Embu, kwa hivyo sisi ni wakali kuliko Embu. Hesabu hiyo yafaa kwa urefu wa miti, haifai kwa kandanda. Tena timu ya chuo si kama klabu inayoweza kumhifadhi mchezaji kwa miaka kumi. Mlinda lango akihitimu anakwenda zake kutafuta kazi, na beki wa mwaka wa pili akitumwa kwa mafunzo ya nyanjani haonekani muhula mzima. Anayejivunia leo ushindi wa miaka mitano iliyopita anajivunia watu ambao wengi wao sasa wamo maofisini na mashambani.

Kuhusu sheria hakuna giza lolote. Eneo la ufundi, yaani kile kisanduku mbele ya benchi, limekuwamo katika sheria za kandanda tangu mwaka 1993. Ni mtu mmoja tu kwa wakati mmoja anayeruhusiwa kutoa maelekezo kutoka humo, na anatakiwa kujiheshimu. Tangu Juni 2019, mwamuzi aweza kumwonyesha kocha kadi ya manjano au nyekundu sawasawa na mchezaji, na endapo ametukanwa kutoka kwenye benchi na aliyetukana hawezi kutambuliwa, adhabu humwangukia kocha mkuu aliye katika eneo hilo. Sheria hiyo naipenda kwa uwazi wake. Haiulizi kama timu ilikuwa ikiongoza au ikifuata.

Na hapa ndipo ninapowastaajabia hasa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru. Chuo chao kimejengwa Nchiru, katika ardhi iliyotolewa na wazee wa Njuri Ncheke, baraza ambalo Wameru wamelitegemea kwa vizazi kusuluhisha migogoro, na makao ya wazee hao yako papo hapo Nchiru. Sisemi tuwaite wazee waje wapulize kipenga. Mwamuzi wa mechi ana dakika tisini tu, na baraza haliharakishwi. Nasema tu kwamba mtu aliyekulia katika jamii inayojua kwamba shauri husikilizwa kabla ya kuamuliwa, na kwamba mwenye ng'ombe wengi haruhusiwi kumtukana msikilizaji wa kesi kwa sababu ya wingi wa ng'ombe wake, hana kisingizio cha kushangaa anapoambiwa kwamba mwenye mabao mengi naye afunge kinywa.

Huenda msomaji akadhani nalikuza jambo dogo. Vyuo hivi, Chuka na Embu na vinginevyo, vinatoa walimu. Katika shule zetu za sekondari, kocha ni mwalimu aliyeongezewa kazi hiyo juu ya vipindi vyake. Kijana anayesimama leo kando ya uwanja akiimba matusi, au anayeketi kwenye benchi akimwona kocha wake akimsukuma mshika kibendera na kupigiwa makofi, miaka mitatu ijayo atakuwa amesimama mbele ya watoto wa miaka kumi na mitano katika michezo ya wilaya ndogo. Hatakuwa na mfano mwingine wa kuiga. Na yule mwamuzi chipukizi, ambaye mara nyingi ni kijana wa rika lake anayelipwa posho isiyoweza kumtajirisha mtu, akizomewa na kurushiwa chupa misimu miwili, ataliweka kabati filimbi lake. Tutabaki na wale waliokomaa katika ustadi wa kutoa maamuzi yatakayowafikisha nyumbani salama.

Adhabu kubwa tumekwisha kuziona. Mwezi wa Agosti 2025, Kenya iliposhirikiana na Tanzania na Uganda kuandaa mashindano ya CHAN, Harambee Stars waliilaza Morocco bao 1-0 pale Kasarani ilhali walikuwa wamebaki wachezaji kumi baada ya kadi nyekundu, na ni Morocco hao hao waliokuja kulitwaa kombe. Ule ulikuwa ukali wa timu, hakuna wa kuubisha. Hata hivyo, kwa sababu ya vurugu za mashabiki, Shirikisho la Kandanda la Afrika liliamuru kwamba mechi iliyofuata dhidi ya Zambia isitazamwe na watu zaidi ya 27,000. Ushindi haukuwa kinga.

Wenye kudhani kwamba nidhamu ni pambo tu la ukali wa timu nawarejesha katika Kombe la Dunia la mwaka 2018. Senegal na Japani zilimaliza mechi za kundi zikiwa zimelingana kwa pointi, kwa mabao na hata kwa matokeo ya mechi baina yao wenyewe. Zikahesabiwa kadi. Japani ilikuwa na kadi nne za manjano, Senegal sita. Simba wa Teranga wakafunga virago, na Waafrika wengi tukanung'unika (nami nilinung'unika) kwamba tumeonewa.

Nawapendekezea wanaosimamia michezo katika vyuo vyetu mambo ambayo hayahitaji bajeti. Jedwali la ligi linapobandikwa ubaoni, baada ya safu ya mabao iongezwe safu ya kadi, za wachezaji na za benchi pamoja, na timu zikilingana safu hiyo ndiyo iamue. Eneo la ufundi lichorwe kwa chokaa. Katika viwanja vingi vya vyuo nilivyovitembelea halijachorwa, na kocha hawezi kulaumiwa kwa kuvuka mstari usiokuwapo. Kamba ya mashabiki isogezwe nyuma hatua tano, sita. Na viongozi wa mashabiki, wale wenye ngoma na vuvuzela, waitwe pamoja na makocha kabla ya mechi ya kwanza ya msimu wasomewe kanuni hizo, kila upande ukiwapo, wakati ambapo mabao bado ni sufuri kwa sufuri na hakuna ajuaye ni nani siku hiyo atakayesema "tu" na ni nani atakayesema "wa".