Sonona si Uvivu

Juma lililopita nilikuwa Bonga, kusini mwa mji wa Babati, kwa binamu yangu ambaye ni mkulima. Ameniruhusu niseme habari zake hewani, mradi nisimtaje jina.

Mwaka 2017 India iliweka kikomo cha mbaazi zinazoingia nchini mwake. Bei ikaanguka, magunia ya binamu yangu yakabaki ndani pamoja na deni. Wenzake walilalamika, kisha wakarudi shambani. Yeye akabaki barazani. Aliamka saa tisa usiku asilale tena. Chakula hakikuwa na ladha. Kichwa na mgongo vilimuuma. Akapimwa malaria mara tatu, haikuonekana. Wako waliosema karogwa, wako waliosema mvivu. Mimi, nakiri, nilikuwa miongoni mwa hao wa pili.

Kumbe ilikuwa sonona. Mtu mwenye huzuni ya kawaida huweza kucheka hata msibani. Mwenye sonona huenda asicheke hata arusini. Hali hiyo ikidumu wiki mbili au zaidi, karibu kutwa kila siku, huku usingizi na nguvu vikipotea na mtu akijiona hana thamani, huo ni ugonjwa, na una tiba. Mara nyingi hujificha nyuma ya maumivu ya mwili.

Daktari mjini alimwuliza swali ambalo sisi ndugu tuliliogopa: umewaza kufa? Akajibu ndiyo. Wasikilizaji, kuuliza hivyo hakumpi mtu wazo hilo. Humpa nafasi ya kulitua. Siku hiyohiyo shemeji aliiondoa nyumbani dawa ya kunyunyizia mazao.

Alipewa vidonge. Hapa wengi hukosea: vidonge hivyo huchukua wiki mbili hadi nne, pengine zaidi, kabla ya kuleta nafuu, lakini mdomo mkavu na kusinzia huja mapema. Mgonjwa huvitupa. Na akipata nafuu huendelea navyo miezi sita au zaidi, asiache bila kumwona daktari.

Vidonge si njia pekee. Huko Masaka na Rakai, Uganda, wanavijiji wenye sonona walikutana kwa vikundi mara moja kwa wiki, kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliofunzwa kwa muda mfupi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2003: mwishoni, waliobaki na ugonjwa hawakufika 7 katika kila 100. Katika vijiji visivyo na vikundi walizidi 50.

Bonga binamu yangu hakuwa na kikundi. Alikuwa na mzee mmoja jirani aliyempitia kila asubuhi waende shambani, hata kwa nusu saa, bila mahubiri.

Safari hii nilimkuta amepanda mbaazi tena, ekari moja tu. Zipo asubuhi, anasema, ambazo kuinuka bado ni kazi. Siku hizo humwambia mkewe mapema.