Misalaba Kumi na Mitatu Mlimani: Habari za Wazima Moto wa Mann Gulch

Mkulima yeyote aliyepata kuchoma majani ya shamba lake wakati wa kiangazi anajua ya kuwa moto una tabia mbili. Katika tambarare, upepo ukiwa umelala, hutambaa polepole hata mtoto aweza kuupiga kwa tawi bichi. Lakini moto huo huo ukifika chini ya mteremko wenye majani makavu hugeuka kuwa kitu kingine kabisa. Ndimi zake huinama kuelekea juu, zikayakausha majani yaliyo mbele kabla hazijayafikia, na kwa hiyo kadiri mlima unavyozidi kusimama ndivyo moto unavyozidi kwenda mbio. Mwanadamu naye ni kinyume chake, maana apandapo huchoka.

Jambo hilo, ambalo kila mchungaji alijua, ndilo lililowaua vijana 13 katika nchi ya Marekani, tarehe 5 Agosti, 1949. Nimependa kuieleza habari yao kwa urefu kidogo, kwa kuwa mafunzo na amri nyingi za usalama wanazofuata wazima moto wa misitu wa Marekani hata leo asili yake ni msiba ule na misiba iliyofanana nao.

Mahali penyewe paitwa Mann Gulch, nalo ni korongo jembamba linaloteremka hata mto Missouri, karibu na mji wa Helena katika jimbo la Montana. Upande wa kusini wa korongo ulikuwa na miti mingi; upande wa kaskazini ulikuwa na majani marefu na misunobari michache, na mteremko wake ni mkali sana. Radi ilipiga na kuwasha moto upande ule wa miti. Siku iliyofuata joto la Helena lilifika digrii 97 za Fahrenheit, na moshi ukaonekana.

Wakati ule Idara ya Misitu ya Marekani ilikuwa na kikosi cha watu wasio wa kawaida. Tangu mwaka 1940 walikuwako wazima moto walioruka kutoka katika ndege kwa miavuli, ili waufikie moto mahali pasipo na barabara ungali mdogo. Desturi ya serikali yao tangu 1935 ilikuwa kwamba kila moto uwe umedhibitiwa kabla ya saa 4 asubuhi ya siku ya pili yake, na hapakuwa na njia ya kutimiza hayo kwa miguu katika milima ile. Vijana wa kikosi hiki walikuwa wengi wao wanafunzi wa vyuo waliotafuta fedha za masomo wakati wa likizo, na wengine walikuwa wamerudi kutoka katika Vita Kuu ya Pili. Walikuwa na nguvu, nao walijivunia kazi yao.

Saa 8 na nusu mchana ndege iliondoka Missoula ikiwa na watu 16. Hewa ilikuwa chafu, ndege ikarushwarushwa, hata kijana mmoja akaugua njiani asiweze kuruka. Alirudi na ndege, na akaiacha kazi. Wale 15 waliruka yapata saa 10 alasiri. Simu yao ya upepo iliangushwa kwa mwavuli wake, lakini mwavuli haukufunguka, simu ikavunjika vipande vipande. Basi tangu dakika ile hapakuwa na mtu duniani aliyeweza kuwaambia neno, wala wao hawakuweza kumwambia mtu.

Msimamizi wao alikuwa Wagner Dodge, mtu wa miaka 33, hodari wa kazi, asiyependa maneno mengi. Hapa pana jambo ambalo msomaji ni vizuri alishike, maana ndilo kiini cha habari. Msimu ule Dodge alikuwa amepangiwa kazi za matengenezo kituoni, kwa hiyo hakushiriki mafunzo pamoja na vijana wale. Wala wao wenyewe hawakuwa kundi moja lililozoeana, bali walikusanywa kwa zamu, kila mmoja kadiri jina lake lilivyofika katika orodha. Mimi niliyezoea orodha ofisini naona ni utaratibu mwema kabisa wa kugawa kazi kwa haki. Lakini orodha haiwezi kuwafanya watu wajuane.

Walipokwisha kukusanya vyombo vyao, Dodge alikwenda kumtafuta mtu mmoja aliyekuwa akipambana na moto peke yake tangu mchana. Huyo alikuwa James Harrison, mlinzi wa kambi ya wageni iliyokuwa karibu. Mwaka uliotangulia Harrison naye alikuwa wa kikosi cha miavuli, kisha akaiacha kazi ile na kuchukua hii ya ulinzi, iliyodhaniwa kuwa ya usalama zaidi.

Dodge hakuupenda moto ule alipouona kwa karibu. Akaagiza vijana wavuke korongo waende upande wa kaskazini na kuteremka kuelekea mtoni, ili wakiwa na maji nyuma yao waupige moto kwa ubavuni. Lilikuwa shauri jema. Lakini upepo ulikuwa umekwisha kurusha makaa kuvuka mdomo wa korongo, na chini yao, mahali wasipoweza kupaona, moto mwingine ulikuwa umewaka upande ule ule waliokuwa wakiuendea. Yapata saa 12 kasorobo jioni Dodge aliuona, kati yao na mto. Akawageuza watu wake, wakaanza kupanda.

Tangu hapo mambo yote yalikwisha kwa muda wa dakika kumi hivi. Walipanda wakiwa na mashoka, misumeno, majembe na mizigo mgongoni. Ilipofika saa 12 kasoro dakika 7 Dodge aliwaamuru watupe vyombo vizito. Wengine walikuwa wamekwisha kuvitupa, na wengine hawakuvitupa hata baada ya amri. Tusiwacheke. Mtu aliyefundishwa kwamba shoka ndiyo kazi yake, akiambiwa alitupe, moyoni husikia kama kwamba ameambiwa si mzima moto tena bali ni mtu anayekimbia. Na karani yeyote aliyewahi kutia sahihi hati ya kupokea mali ya serikali ataelewa zaidi.

Dakika mbili baadaye Dodge alifanya jambo ambalo watu wale hawakupata kuliona wala kufundishwa. Alisimama, akainama, akawasha kiberiti na kuyatia moto majani yaliyokuwa mbele yake. Moto ule mdogo ulikimbia kupanda mlima ukaacha nyuma yake mahali peusi, na Dodge akaingia katika majivu yale yenye joto, akawapungia mkono na kuwaita wenzake waingie pamoja naye. Moto mkubwa ulikuwa umebakiza kama nusu dakika kuwafikia.

Hakuna hata mmoja aliyeingia. Waliosalimika walieleza baadaye kwamba hawakufahamu alichokuwa akikifanya, na ilionekana kama kwamba msimamizi amepotewa na akili. Moto uko nyuma yao, naye anawasha mwingine mbele! Walimpita wakikimbia.

Mkulima wa nchi ya majani ataona jambo hili kuwa wazi. Mtu achomaye ukanda kuzunguka boma lake kabla ya kiangazi kukaza ametumia hekima ile ile, yaani moto hauli mara mbili mahali pamoja. Hata wenyeji wa asili wa nyanda za Marekani walijua kujiokoa hivyo zamani. Lakini vijana wa miavuli walifundishwa moto wa misituni, ambamo miti huwaka muda mrefu wala hapana mahali panapopoa kwa dakika moja ukapakanyaga. Dodge mwenyewe alisema kwamba hakupata kufundishwa jambo lile, bali lilimjia pale pale. Alilala kifudifudi katika majivu, na kitambaa chenye maji kinywani. Moto ulipompita, upepo wake ulimwinua kutoka ardhini mara mbili tatu. Kisha akasimama, hana jeraha.

Vijana wawili tu, Robert Sallee na Walter Rumsey, walifika juu kwenye genge la mwamba, wakapata ufa wakapenya, wakajificha katika mawe yaliyoporomoka ng'ambo ya pili. Sallee alikuwa na miaka 17, na moto ule ulikuwa wa kwanza kwake kuuendea kwa mwavuli. Wengine wawili, William Hellman na Joseph Sylvia, walikutwa wangali hai lakini wameungua vibaya. Rumsey alibaki na Hellman huku Dodge na Sallee wakiteremka mtoni kutafuta msaada usiku ule. Wote wawili walifia hospitali ya Helena siku ya pili yake. Waliobaki walikutwa mlimani, Harrison akiwa mmoja wao, na Eldon Diettert, ambaye siku ile ndiyo aliyotimiza miaka 19. Saa ya Harrison ilikuwa imeyeyuka, mishale yake ikionyesha saa 12 kasoro dakika 4.

Baraza la uchunguzi lilikaa mwaka ule ule. Baba wa mmoja wa marehemu, ambaye naye alikuwa mtumishi wa misitu mstaafu, alisema waziwazi kwamba moto wa Dodge ndio uliomwua mwanawe. Baraza halikukubali, likasema kwamba watu wangaliokoka kama wangaliingia katika majivu pamoja na msimamizi wao. Mambo yakafika mahakamani. Mwaka 1993 mtaalamu Richard Rothermel alichapisha hesabu za mwendo wa moto ule na mwendo wa watu, na jina lenyewe la taarifa yake lasema kwamba mashindano yale hayakuwa ya kushindika. Dodge alikwisha kufa zamani, mwaka 1955, kwa ugonjwa, wala hakuruka tena kuuendea moto baada ya siku ile. Profesa Norman Maclean aliutumia uzee wake wote kuichunguza habari hii, na kitabu chake kilitoka mwaka 1992, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufariki.

Mafunzo nayo yalibadilika, ingawa si kwa haraka. Mwaka 1957 kamati ya Idara ya Misitu ilichunguza mioto 16 iliyoua watu katika muda wa miaka 20, na kutokana nayo zikatungwa Amri Kumi za wazima moto, kwa mfano wa amri zinazokaririwa na walinzi wa jeshi. Amri hizo hazina maneno makubwa. Zataka mtu ajue hali ya hewa, ajue moto wake unafanya nini kila wakati, aweke mtu wa kuutazama, awe na njia ya kukimbilia na kila mtu aijue, na maagizo yatolewe yakaeleweka. Mwaka 1960 ikafunguliwa huko Missoula maabara ya kuuchunguza moto kwa vipimo, mahali pa kukisia tu. Tangu 1977 kila mzima moto wa misitu wa Idara ile alilazimishwa kuchukua hema dogo la kujifunika, lenye kurudisha joto, na hufanya mazoezi ya kutupa mzigo na kulifungua.

Lakini mwaka 1994, tarehe 6 Julai, watu 14 waliungua katika mlima wa Storm King, jimbo la Colorado, nao pia walishikwa na moto uliokuwa ukipanda mteremko. Mmoja wa waliookoka alieleza kwamba alikimbia na msumeno wake begani, na alipoamua kuuacha, kwanza alitafuta mahali pazuri pa kuuweka ili usiungue. Na tarehe 30 Juni, 2013, watu 19 wa kikosi kimoja walikufa karibu na kijiji cha Yarnell, jimbo la Arizona, hali wamefungua mahema yao. Joto lilikuwa kubwa kupita uwezo wa mahema. Kutoka tarehe hiyo ya 30 Juni hata 6 Julai, kila mwaka, vikosi vya misitu vya Marekani hufanya juma la ukumbusho, ambamo kila siku husomwa habari za moto mmoja na kuuliza palikosekana nini.

Njia nyingine ya kukumbuka ni kwenda mahali penyewe. Wazima moto huletwa Mann Gulch wakiwa na viongozi wao, wakatembea mlimani kwa njia ile ile waliyoifuata marehemu, na kusimama pale vijana walipogeuzwa, na pale Dodge alipowasha kiberiti. Mahali kila mmoja alipoangukia paliwekwa msalaba. Wanapoutazama mteremko wataona kwamba misalaba imetawanyika, mmoja hapa, mmoja kule, mingine ikiwa karibu sana na genge.

Misalaba hiyo ilikuwa 13 kwa miaka mingi. Mmoja wa marehemu, David Navon, alikuwa Myahudi, na msalaba haukuwa alama ya dini yake. Mwaka 2001 uliondolewa, na mahali pake pakawekwa jiwe lenye nyota ya Daudi.